TIJA NA HAKI YA MWENYE KUFANYA KAZI
Mazungumzo na waamini na viongozi wa walei, Ikombe



Tunawashukuru kwa kutupokea. Tumefika kwenu kwa mtumbwi kutoka Matema, milima ya Livingstone ikiwa mkono wetu wa kushoto, na njiani tulipishana na akina mama waliokuwa wakipeleka vyungu gulioni Lyulilo. Vyungu vilikuwa vimepangwa kwa uangalifu mkubwa, maana wimbi moja tu laweza kuharibu kazi ya siku nyingi. Tunawasalimu pia ndugu zetu wa madhehebu mengine waliokubali kuketi nasi. Haki na amani hazina dhehebu.

Viongozi wenu walituomba tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda likaonekana kuwa la mbali. Wapo vijana wa mwambao huu wanaosoma sayansi, nao wamesikia kwamba Chuo Kikuu kuna fani iitwayo uhandisi wa viwanda, na kwamba wapo wasomi wanaotoa maisha yao yote kuchunguza tija katika uzalishaji. Wazazi wanauliza: Hiyo ni kazi gani? Nayo ina faida gani kwa mfinyanzi na mvuvi? Swali ni zuri, nasi tutajaribu kulijibu kwa mwanga wa mafundisho ya Kanisa.

1. Kazi ya msomi huyu

Mhandisi wa mitambo hutengeneza mashine, na mhandisi wa ujenzi hujenga daraja. Mhandisi wa viwanda huitazama kazi yote kwa pamoja: watu, vifaa, mali ghafi, mahali na muda. Huuliza kwa nini mzigo uleule unabebwa mara tatu kabla ya kufika panapohusika. Kwa nini mashine imesimama ilhali mtu yupo, au mtu amesimama ilhali mashine ipo. Kwa nini vitu vingi vinatoka vikiwa vibovu. Tija ni uwiano kati ya kile kinachopatikana na kile kilichotumika kukipata. Kwa hiyo kuongeza tija si kumkimbiza mfanyakazi. Mara nyingi ni kumwondolea kazi ya bure.

Tuchukue mfano wa hapa nyumbani. Tuseme mama amechoma vyungu 20, na vinne vimepasuka motoni. Amebaki na 16. Vile vinne vilikula udongo, kuni na nguvu kama vingine. Ikiwa kwa kukausha vizuri zaidi na kuupanga moto vizuri zaidi vitapasuka viwili tu, atabaki na 18. Tija yake imepanda kwa asilimia 12.5, wala hakuongeza hata mzigo mmoja wa kuni. Huyo ndiye mhandisi wa viwanda, hata kama hajui kwamba anaitwa hivyo. Mama zetu wa Kikisi wamekuwa wakifanya utafiti wa namna hii kwa vizazi vingi, wakirithishana ujuzi wa udongo upi unafaa na siku ipi inafaa kuchoma.

Anayeifanya kazi hii kuwa taaluma ya maisha hupita njia ndefu. Hupata shahada ya kwanza, kisha ya uzamili, kisha ya uzamivu, ambayo huhitaji miaka ya utafiti na tasnifu. Hupanda kutoka mhadhiri msaidizi hadi mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na hatimaye profesa. Hupandishwa cheo hasa kwa makala anazochapisha katika majarida ya kitaaluma. Lakini nusu ya maktaba yake imo kiwandani. Asiposimama kando ya mfanyakazi na kumsikiliza, hana la kuandika. Tushike neno hilo, maana tutalirudia.

2. Elimu hii ilikotoka

Mmarekani Frederick Taylor, aliyeanza maisha kama fundi mwanafunzi karakanani, ndiye hutajwa zaidi miongoni mwa waasisi. Mwishoni mwa karne ya 19 aliwapima wafanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Bethlehem kwa saa ya kuhesabu nukta. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1911 alieleza kwamba mtu aliyekuwa akibeba tani 12.5 za chuma kwa siku aliweza, baada ya kazi yake kupangwa upya, kubeba tani 47.5. Ujira wake ulipanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85.

Ndugu zangu, tuihesabu hesabu hiyo kwa macho ya haki. Kazi ilikaribia kuwa mara nne. Ujira uliongezeka kwa kiasi cha asilimia 60 tu. Taylor aliamini kwa dhati kwamba njia yake ingewaletea amani tajiri na mfanyakazi. Hata hivyo, mwaka huohuo wa 1911, mafundi wa kusubu chuma katika karakana ya silaha ya Watertown waligoma kwa sababu ya kupimwa kwa saa hiyo. Bunge la Marekani likafanya uchunguzi, na baadaye likapiga marufuku kwa miaka mingi saa hizo kutumika katika karakana za silaha za serikali. Wafanyakazi hawakuikataa elimu. Walikataa kuhesabiwa kama vyuma.

Yupo mwingine, naye ni mwanamke. Lillian Gilbreth, mama wa watoto 12, alipata shahada ya uzamivu mwaka 1915, na mwaka 1935 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Purdue. Pamoja na mumewe Frank alichunguza mwendo wa mikono ya wafanyakazi, lakini yeye aliuliza swali jingine: uchovu unatoka wapi, nao unaondolewaje? Baada ya kufiwa na mumewe mwaka 1924 alichunguza jiko la nyumbani na kazi za watu wenye ulemavu. Alionyesha kwamba meza iliyo fupi au ndefu mno ni dhuluma ya kila siku kwa mgongo wa mama. Vipimo vyake havikuwa mbali sana na vya Taylor, bali alimtanguliza mtu.

3. Katika nchi yetu

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Tanzania ilijenga viwanda vingi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, kilianza mwaka 1968. Mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka huohuo likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO. Shirika la utafiti wa viwanda, TIRDO, lilifuata mwaka 1979. Mwaka 1981 Chuo Kikuu kikapata taasisi ya ubunifu wa uzalishaji, ili mawazo ya wahandisi yawe vifaa vinavyoshikika mkononi. Wasomi wetu wa kwanza wa uhandisi wa viwanda walikulia katika mazingira hayo.

Nao walikutana na mtihani mgumu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda vingi vilifanya kazi chini sana ya uwezo wake. Fedha za kigeni zilikosekana, vipuri vikakosekana, umeme na maji vikakatika. Mfanyakazi aliambiwa ni mvivu, ilhali mashine aliyopewa ilikuwa ikisubiri kipuri kutoka ng'ambo. Msomi mwaminifu alilazimika kusema ukweli kwamba tija haishuki kwa sababu ya mkono wa mfanyakazi peke yake. Katika miaka ya 1990 ukaja ubinafsishaji, na familia nyingi zilipoteza riziki. Sisi wa Mbeya tunakikumbuka kiwanda cha Zana za Kilimo na majembe yake.

Leo mlango wa elimu hiyo umesogea karibu nasi. Chuo cha Ufundi cha Mbeya, kilichoanza mwaka 1986, kilipandishwa kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia mwaka 2012. Kijana wa Kyela hahitaji tena kuona kwamba uhandisi ni wa watu wa Dar es Salaam.

4. Nani anayekula matunda?

Turudi kwenye vile vyungu 18. Tuseme mama alikuwa akiuza chungu kwa shilingi 4,500. Kwa vyungu 16 alipata shilingi 72,000. Sasa ana 18. Mchuuzi naye ameona kwamba vyungu vimeongezeka gulioni, naye anasema: "Mama, siku hizi ni 4,000." Zidisheni wenyewe. Ni shilingi 72,000 zilezile! Tija imepanda, na ukiandika katika jarida utasifiwa. Lakini mama hakuongeza hata daftari moja la mtoto wake. Faida yote imevuka ziwa pamoja na mchuuzi.

Hiki ndicho kiini cha maneno yetu leo. Kipimo cha tija hakijakamilika mpaka kimeuliza tunda linakwenda kwa nani. Swali hilo si siasa zilizoingizwa katika elimu. Ni sehemu ya elimu yenyewe. Papa Leo XIII, mwaka 1891, katika waraka wake Rerum Novarum, alifundisha kwamba ujira lazima umtunze mfanyakazi kwa heshima, hata kama yeye mwenyewe, kwa kubanwa na shida, amekubali uliopungua. Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, na kwamba mtu anatangulia mtaji na mashine.

Nayo Maandiko Matakatifu yanamtaja mfinyanzi kwa heshima. Someni nyumbani sura ya 38 ya kitabu cha Yoshua bin Sira. Mwenye hekima anamweka mwanachuoni upande mmoja, na mkulima, mhunzi na mfinyanzi upande mwingine. Anasema kwamba bila hao mji haukaliki. Lakini pia anakiri kwamba katika baraza la watu hawaitwi. Ndugu, tangu siku hizo mpaka leo mfinyanzi bado haitwi barazani! Wanaopanga bei, ushuru wa gulio na mradi wa ufinyanzi, je, huwaita akina mama wenyewe?

Tutoe mfano mmoja zaidi. Mwaka 1977 mtaalamu wa mambo ya kale Simon Waane alichapisha uchunguzi wake juu ya ufinyanzi wa Wakisi wa Ikombe katika jarida la Berlin. Ilikuwa heshima kubwa kwenu na kwa taifa. Hatusemi hayo kwa lawama. Lakini tujiulize: Ni wangapi hapa waliowahi kuyashika maandishi yaliyoandikwa juu ya mikono ya mama zao? Msomi anapanda cheo kwa kile alichojifunza kwa maskini. Ana deni la kurudi na kuwasomea, kwa lugha wanayoielewa, ili wamsahihishe.

5. Kosa letu wenyewe

Tusiwanyooshee wengine vidole. Katika parokia tuliyoitumikia zamani tulianzisha mradi wa matofali kwa ajili ya vijana. Tukaweka lengo la matofali 300 kwa siku, na kila jioni tukahesabu. Hesabu ilitimia, tukafurahi na hata kulitangaza kanisani. Hatukujua kwamba vijana, ili watimize hesabu yetu, walikuwa wakiyapeleka tanurini kabla hayajakauka. Mvua za kwanza zilipokuja, ukuta wa nyumba ya katekista ulianza kumeguka. Kijana mmoja akatuambia kwa upole: "Baba, tulijua. Lakini hukutuuliza yapo mangapi mazuri. Ulituuliza yapo mangapi." Tuliona aibu. Tulikuwa tumepima vibaya, na tulikuwa tumewahesabu vijana wetu bila kuwasikiliza.

6. Basi tufanye nini?

Kwenu wazazi: msiwazuie watoto kuifuata elimu hii, na msiwazuie hasa wasichana. Binti aliyekua akimtazama mama yake akizungusha udongo kwa mkono, akijua uzito wa mzigo na hasara ya chungu kilichopasuka, ameanza somo kabla ya kufika darasani. Bali mwambieni asirudi kuwadharau waliomfundisha kwanza.

Kwenu vijana: msomi wa tija ana nguvu. Kalamu yake yaweza kumpunguzia mama maumivu ya mgongo, au yaweza kumfukuzisha kazi baba wa watoto sita. Mkifika huko, pimeni pia uchovu, usalama na ujira. Msikubali kuandika kwamba kiwanda kimeendelea wakati wanaokiendesha wamerudi nyuma.

Kwenu akina mama wafinyanzi: mchuuzi hushusha bei kwa sababu kila mmoja wenu hufika mbele yake peke yake. Kaeni pamoja, mkubaliane bei ya chini kabisa kabla mtumbwi haujaondoka. Akija mtaalamu na tanuri jipya au kalibu, mkaribisheni, kisha mwulizeni maswali matatu: Kitapunguza nini? Kitaongeza nini? Nyongeza hiyo ni ya nani?

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya ndogo ndogo

(a) Katika kazi zetu za ufinyanzi, uvuvi na mpunga, ni nguvu gani inayopotea bure, nasi twaweza kuiokoaje?
(b) Mavuno au mauzo yanapoongezeka, nani hufaidika kwanza, nyumbani na sokoni?
(c) Ni nani wanaofanya kazi miongoni mwetu bila kuitwa barazani? Tutawaitaje?

Yesu mwenyewe aliitwa mwana wa seremala, naye aliujua uzito wa mbao kabla ya kuubeba msalaba. Atubariki sisi sote, azibariki na kazi za mikono yenu. Amina.