Nani atalipa muhula wa tatu?

(Muziki wa kufungulia. Unapungua polepole.)

  Leo tunaongea na wazazi na walezi. Vijana nanyi sogeeni karibu na redio, maana hesabu hii ni yenu.

Matokeo ya Senia Sita yakishatoka, barua za vyuo huanza kufika. Nyumba inashangilia, na ni haki yake. Mbuzi wanauzwa, gunia la simsim linauzwa, ada ya muhula wa kwanza inalipwa. Muhula wa pili unakopwa kwa jirani. Muhula wa tatu kijana yuko nyumbani, amekaa chini ya mwembe. Mbuzi hakuna, deni lipo, na chuo hakitoi nusu ya cheti.

Basi kabla ya kuuza chochote, jiulizeni: nani atalipa muhula wa tatu?

Chukueni karatasi. Tuseme barua inasema ada ni shilingi 600,000 kwa muhula. Wengi husoma hapo wakafunga barua. Fungueni ukurasa wa pili. Kuna ada za usajili, mitihani, maktaba na kitambulisho. Tuseme zinafika 250,000. Ndani yake mtaona shilingi 20,000 kila mwaka za Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, na hizo kila mwanafunzi hulipa. Sasa chumba, tuseme 50,000 kwa mwezi, miezi minne ni 200,000. Chakula, tukikaza mkanda, 100,000 kwa mwezi, hiyo 400,000. Jumla ni 1,450,000 kwa muhula. Kozi ya miaka miwili ina mihula minne: 5,800,000. Hii ni mifano tu, wekeni bei za chuo chenu. Lakini mnaona wenyewe kwamba ile 600,000 haifiki hata nusu ya muhula mmoja.

Ndiyo maana mahali pa chuo ni sehemu ya bei. Chuo Kikuu cha Muni kiko hapa Arua, kilianza kupokea wanafunzi 2013. Shule ya wauguzi na wakunga ipo hapa Arua. Mtoto akisoma karibu, muhogo na maharage ya shambani yanaweza kumfikia kwa bodaboda. Kampala muhogo huo ananunua.

Ndugu zetu kutoka Kongo, hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu neno moja linawapotezea muda. Kwenu, mtu aliyemaliza sekondari na kufaulu mtihani wa taifa ana Diplôme d'État, na mnasema ana diploma. Uganda, diploma ni cheti cha chuo, baada ya sekondari. Ukimwambia msajili una diploma, ataelewa umeshamaliza chuo. Mwambie ni cheti cha sekondari cha Kongo. Kisha cheti hicho kinatakiwa kulinganishwa na vya Uganda, kazi inayofanywa na Baraza la Mitihani, UNEB. Kilicho kwa Kifaransa kitafsiriwe kwanza kwa Kiingereza na mtu anayekubalika. Wa Sudan Kusini nanyi vyeti vyenu vinapita njia hiyo hiyo. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inataja haki ya vyeti vya nje kutambuliwa, kwa hiyo hamwombi upendeleo. Ila kazi hii inachukua muda na ina malipo yake. Anzeni sasa, msisubiri barua ya chuo.

Na mkiwa kwa msajili, ulizeni ada ya mkimbizi ni ipi. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2016, Kongo 2022. Vipo vyuo vinavyowatoza watu wa Jumuiya sawa na Waganda, na vipo vinavyowatoza kama wageni. Ombeni jibu kwa maandishi.

Msaada wa ada? Upo, lakini mlango ni mwembamba. DAFI, ufadhili wa UNHCR unaolipiwa zaidi na serikali ya Ujerumani tangu 1992, hulipia wakimbizi shahada ya kwanza. Waombaji ni wengi kuliko nafasi. Ombeni, lakini msiuweke kwenye karatasi ya hesabu mpaka jina litoke. Fomu ni bure. Anayedai hata shilingi elfu kumi ili "akusaidie kupita" ni mwizi, mripotini. Ile Bodi ya mikopo ya wanafunzi ya serikali inakopesha raia wa Uganda tu, msipoteze nauli.

Kwa digrii, kijana wa Senia Sita anahitaji prinsipali mbili. Kwa diploma, prinsipali moja na sabsidiari mbili. Aliyeishia Senia Nne ana kozi za cheti, na baadaye anaweza kupanda kwenda diploma, hata digrii, akiwa anafanya kazi. Najua wazazi wengine wanaona fundi umeme ni mtoto aliyeshindwa. Mimi naona afadhali cheti kilichokamilika Arua kuliko digrii iliyokatika Kampala mwaka wa pili. Fundi mwenye cheti anaweza kujilipia hatua inayofuata.

Limebaki sanduku. Vikundi vya akiba, vile vya sanduku lenye kufuli tatu, mnavyo karibu kila kijiji. Mtu anayeweka shilingi 5,000 kila wiki ana 250,000 baada ya wiki 50, kabla ya faida. Haitoshi ada, lakini ni chumba cha muhula mzima na chenji. Shida ni tarehe. Vikundi vingi hugawana Desemba, na pesa inaishia kwenye nguo za Krismasi. Vyuo hufungua karibu mwezi wa nane. Mkianza mzunguko mpya, ombeni kikundi kigawane mwezi wa saba. Na anzeni mtoto akiwa Senia Tatu, mpate mizunguko mitatu au minne mkononi kabla ya barua kufika.

(Muziki wa kufungia.)