Hodi ya Kifaa: Lugha ya Idhini katika Mipangilio ya Usalama wa Kompyuta



1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayepeleka tasnifu yake steshenari ili ichapwe huchomeka flashi yake katika kompyuta isiyo yake. Papo hapo hutokea kidirisha chenye maneno machache, naye hubonyeza "Sawa" bila kuyasoma. Maneno hayo ndiyo mada ya mhadhara huu. Kwa kawaida usalama wa kompyuta huhesabiwa kuwa kazi ya wahandisi. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba mara nyingi hatua ya mwisho ya ulinzi huo ni sentensi, na kwamba sentensi iliyotungwa vibaya huweza kubatilisha kazi yote ya mhandisi.

2.0 Mgeni na Mwenyeji

Kiwango cha USB kilitolewa mwaka 1996 kwa lengo la kurahisisha uunganishaji wa vifaa vya nje. Kifaa kinapochomekwa hujitambulisha: hutaja mtengenezaji wake na aina ya kazi yake, kama vile kibodi, kipanya, kamera au hifadhi. Mfumo endeshi hutafuta kiendeshi, yaani programu inayojua kuwasiliana na kifaa cha aina hiyo, kisha kazi huanza. Katika istilahi za wahandisi, kompyuta ndiyo mwenyeji.

Mswahili anayesikia neno mwenyeji hutarajia hodi na jibu lake. Katika utaratibu wa asili wa USB, hata hivyo, hodi haingojewi jibu la mtu. Mgeni akishajitaja, mlango hufunguka. Mwezi Agosti 2014, huko Las Vegas, watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha hatari ya jambo hilo. Programu iliyo ndani ya flashi yenyewe inaweza kuandikwa upya, nayo flashi ikajitambulisha kuwa kibodi na "kuchapa" amri ambazo mtumiaji hakuzitoa. Kompyuta humsadiki mgeni kwa kauli yake tu. Methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone" hukosa nguvu pale ambapo mgeni amejitaja kwa jina lisilo lake.

Tiba iliyopatikana ni kurudisha hodi. Katika Linux, kila kifaa cha USB kina alama ya idhini, 1 au 0, na msimamizi anaweza kuamuru kila kifaa kipya kianze na 0. Viunganishi vya Thunderbolt 3 viliwekewa ngazi kadhaa, kuanzia kukubali kila kifaa, kupitia idhini ya mtumiaji na uthibitisho wa ufunguo, hadi kuruhusu skrini pekee. Tangu macOS Ventura ya mwaka 2022, kompyuta za mkononi za Apple zenye chipu za kampuni hiyo humwuliza mtumiaji kabla ya kukubali kifaa kipya. Ulinzi wa namna hii hutegemea swali, na swali hutegemea lugha.

3.0 Tungo Lililodanganya

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Conficker, programu haribifu iliyogunduliwa mwezi Novemba 2008. Baadhi ya matoleo yake yalisambaa kwa flashi. Flashi iliyoambukizwa ilipochomekwa katika Windows, kidirisha kilionyesha picha ya folda na maneno yenye maana ya "Fungua folda uone mafaili". Maneno hayo yalikuwa sawa na yale halali ya mfumo, isipokuwa yaliwekwa chini ya kichwa kilichohusu kusakinisha au kuendesha programu. Aliyebonyeza hakufungua folda, bali alimkaribisha adui.

Kwa mwanaisimu, huu ni udanganyifu wa kipragmatiki. Kila neno lilikuwa la kawaida, na sentensi ilikuwa sahihi kisarufi. Kilichobadilika ni msemaji: kauli iliyodhaniwa kuwa ya mfumo ilikuwa ya mgeni. Tofauti ilibebwa na kichwa peke yake, nacho hakikusomwa. Windows 7 ya mwaka 2009 iliondoa uwezo wa flashi kujiendesha kwa njia hiyo, na mwezi Februari 2011 Windows XP na Vista zikapata sasisho kama hilo. Yaani kauli ya mgeni iliondolewa katika kinywa cha mwenyeji.

4.0 Mzizi Mmoja, Dhana Tatu

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice na kuthibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kuhimili programu nzima. Hata hivyo, katika eneo la vifaa vya nje istilahi bado zinagongana. Neno kiendeshi hutumiwa mara kwa chombo cha kusomea diski, mara kwa programu inayokiongoza chombo hicho. Lina mzizi mmoja na mfumo endeshi. Onyo lisemalo "Kiendeshi hakiaminiki" halimwelezi mtumiaji kama atupe flashi yake au akatae programu fulani. Wazungumzaji wengi wameamua wenyewe: wanasema flashi na draiva, na utata umekwisha. Wanaistilahi hawana budi kuliheshimu suluhisho hilo, au kutenga kiendeshi kwa programu pekee.

5.0 Kuruhusu, Kuamini na Kutia Saini

Vitenzi navyo vinahitaji mipaka. Kuruhusu ni tendo la wakati mmoja na lina mtendwa mahsusi: mtu huruhusiwa kufanya jambo. Kuamini ni hali ya moyo, haina kikomo, na kwa kawaida huelekezwa kwa mtu au kwa Mungu. Swali "Je, unakiamini kifaa hiki?" humtaka mtumiaji atoe imani bila kumwambia itatumika kwa nini. Swali "Je, unaruhusu kifaa hiki kusoma mafaili yako kwa mara hii?" hutaja tendo, mali na muda. La pili ni refu, lakini linajibika.

Kauli ya kutendwa huficha zaidi. "Kiendeshi hakijatiwa saini" haimtaji mtiaji. Saini ya kidijitali huthibitisha mambo mawili: nani ametoa programu, na kwamba haijabadilishwa tangu itolewe. Haithibitishi wema wake. Mwaka 2010 ilibainika kwamba programu haribifu ya Stuxnet ilitumia viendeshi vilivyotiwa saini kwa vyeti vilivyoibwa kutoka kampuni mbili za Taiwan. Kwa hiyo tafsiri inayogeuza "kimetiwa saini" kuwa "ni salama" inasema uongo, ingawa inasomeka vizuri.

6.0 Hitimisho

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kila istilahi ya eneo hili ibebe dhana moja. Pili, kila swali la idhini litaje nani anaomba, anaomba nini, na kwa muda gani. Tatu, tafsiri zijaribiwe kwa watumiaji wa kawaida kabla ya kusambazwa, wala zisihukumiwe na wataalamu peke yao. Mwanafunzi wa steshenari hatasoma mwongozo. Atasoma, akisoma, sentensi moja. Ni wajibu wa wanaoitunga kuhakikisha kwamba sentensi hiyo inamtosha kujua ni nani anayebisha hodi.