Mume na Mke Waenda Songea: Somo la Kupanga Matembezi

Nawasalimu ninyi mlio milimani kwenye kahawa, Mbinga mjini, Litembo, Maguu na Kigonsera. Nawasalimu pia ninyi mlio ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Mbamba Bay na Liuli. Chukueni daftari na kalamu. Mwenye miwani na aivae.

Wiki iliyopita tuliandika barua ya kuomba kazi. Leo kalamu hiyo hiyo itatusaidia kwa jambo la furaha. Tutapanga safari ya mume na mke ambao bado vijana. Watakwenda Songea, mji mkuu wa mkoa wetu wa Ruvuma, waondoke Ijumaa na kurudi Jumapili. Hawaendi hospitali wala mahakamani, wala msibani. Wanakwenda kutembea tu.

Najua wapo watakaoguna. Mzee mmoja wa darasani kwangu aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, mtu apande basi, alipe chumba, ale hotelini, halafu arudi mikono mitupu? Hiyo ni safari ya nini?" Nikamwuliza ni lini mara ya mwisho alikaa na mkewe siku nzima wakizungumza bila jembe wala jungu kati yao. Alifikiri kidogo, akacheka, wala hakunijibu.

Mimi nami nina kosa langu, na afadhali niliseme mapema. Mwaka ule nilipooa nilimwahidi mke wangu kumpeleka Songea. Sikumwuliza anataka kuona nini. Nilipanga mwenyewe kichwani, na ili kuokoa fedha nikaamua tufikie kwa ndugu yangu mmoja. Tulipokelewa vizuri sana. Lakini mnajua desturi zetu: mimi niliwekewa kiti barazani pamoja na wanaume, naye akaingia jikoni na wanawake. Kwa siku mbili mke wangu alisonga ugali na kuosha vyombo vya watu kumi na mmoja. Mimi nilikwenda mpirani. Siku ya kurudi nikakuta nauli haitoshi, nikakopa kwa ndugu yule yule. Ndani ya basi mke wangu alitazama dirishani mpaka Mbinga, na neno alilosema ni moja tu: "Asante kwa matembezi."

Kwa hiyo somo hili nililisomea kwa ada ghali.

Tuchukue mfano wa mume na mke wa Mbamba Bay. Mume ni mvuvi wa usipa. Mke huanika usipa na kuuza, tena ana shamba la muhogo. Wana mtoto mmoja aliyekwisha kuachishwa ziwa. Kila mmoja ana fedha kidogo alizoweka, nao wamekubaliana kuchangia.

Jambo la kwanza ni tarehe. Mvuvi wa usipa hutumia taa usiku ili kuwavuta samaki, na taa hufanya kazi vizuri penye giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, samaki hawaji vizuri kwenye taa, na wavuvi wengi hupumzika. Basi watazame kalenda na kuchagua Ijumaa iliyo karibu na mwezi mpevu, maana siku hizo mume hapotezi kitu. Wakulima wa kahawa nao wasiondoke katikati ya mavuno. Wangoje mpaka kahawa iuzwe na fedha iwe mkononi. Kuitumia fedha ya kahawa ambayo bado iko mtini ni hatari. Tarehe ikipatikana, bibi wa mtoto aambiwe mapema kwa heshima, asije akaletewa mjukuu mlangoni alfajiri pamoja na habari.

Jambo la pili ndilo kiini cha somo. Mume achukue karatasi yake, na mke achukue yake. Kila mmoja aandike peke yake mambo matatu au manne anayoyataka huko Songea, bila kuchungulia karatasi ya mwenzake. Kisha wabadilishane karatasi, na kila mmoja asome ya mwenzake kwa sauti.

Kwa nini waandike, hali wanaishi nyumba moja? Kwa sababu katika mazungumzo mmoja hutangulia kusema, na mwingine huitikia "sawa" ili mambo yaishe. Karatasi haiitikii sawa. Mume wa mfano wetu aliandika: mpira katika Uwanja wa Majimaji, nyama ya kuchoma, kununua nyavu. Mke aliandika: kulala mpaka jua litoke, picha yetu wawili kwa mpiga picha, kuona Makumbusho ya Majimaji, kula chakula ambacho sikupika. Mume aliposoma lile la picha alishangaa. Walikuwa na picha za mtoto na za harusi ya shemeji, lakini picha yao wawili peke yao hawakuwa nayo hata moja, naye hakuwahi kulifikiri jambo hilo.

Sasa wapatane. Nyavu naziondoa mimi mwalimu. Nyavu ni kazi, zina safari yake. Mpira ubaki ikiwa kweli timu inacheza Jumamosi hiyo, na waulize kabla ya kuondoka. Nyama ya kuchoma na chakula asichopika mke vyaweza kuwa sahani moja. Picha na makumbusho vibaki. Kulala mpaka jua litoke hakugharimu hata senti.

Tuje kwenye fedha. Andikeni hesabu hii. Bei hizi ni za mfano wa darasani tu; bei za kweli mtauliza kituoni na kwenye nyumba ya wageni. Tuseme wawili hawa wameweka shilingi 180,000, na nauli ya mtu mmoja kwenda Songea ni shilingi 15,000. Watu 2, kwenda na kurudi, ni mara 4. Jumla ya nauli ni shilingi 60,000. Chumba ni shilingi 20,000 kwa usiku, nao watalala Ijumaa na Jumamosi, yaani shilingi 40,000. Chakula, shilingi 40,000. Viingilio, picha na bajaji za mjini, shilingi 15,000. Zawadi ya mtoto na ya bibi yake, shilingi 15,000. Jumlisheni. Imebaki shilingi ngapi? Zimebaki 10,000, nazo ni za dharura.

Nauli ya kurudi, shilingi 30,000, itengwe kabla ya kupanda basi. Kama fedha zenu zinakaa kwenye simu, ziacheni humo na msiziguse. Kama ni noti, mke azifunge mahali pake. Nasema mke, nami sioni haya, maana mlikwisha kusikia habari zangu.

Safari yenyewe ni kilomita 67 hivi kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga, na kama kilomita 100 tena kutoka Mbinga hadi Songea. Zamani kipande cha Mbamba Bay kilikuwa adhabu wakati wa mvua, gari likizama matopeni abiria wote hushuka kusukuma. Siku hizi lami imefika mpaka ziwani. Walio Liuli wakumbuke kuongeza muda wa kufika kwanza Mbamba Bay.

Tiketi isomeni palepale dirishani kabla ya kuondoka. Tazameni jina, tarehe, namba ya kiti, nauli, na saa. Kwenye saa kuna mtego. Mwanafunzi wangu mmoja alipewa tiketi iliyoandikwa 06:00. Akaenda kituoni saa sita mchana, amevaa vizuri, na mzigo begani. Basi lilikuwa limekwisha kuondoka tangu saa kumi na mbili asubuhi. Kanuni yake ni rahisi: kwa saa za mchana, toeni 6. Tiketi ikiandikwa 07:00, toeni 6, ni saa 1 asubuhi. Ikiandikwa 13:00, toeni 6, ni saa 7 mchana. Na 06:00? Toeni 6, yabaki 0, nayo ndiyo saa 12 asubuhi. Andikeni mara tatu.

Watu wa ziwani, chukueni sweta. Ninyi mmezoea joto la pwani, lakini basi lapanda milima ya Umatengo, na Mbinga kuna baridi, hasa mwezi wa Juni na Julai. Mkiwa njiani tazameni mashamba ya ngoro kwenye miteremko. Ni yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isichukue udongo. Wataalamu wa kilimo hutoka nchi za mbali kuja kuyaona, nasi twayapita tumelala usingizi.

Mkifika Songea, msifikie kwa ndugu. Hapa wengi watanigombeza. Lakini kwa matembezi ya wawili, lipeni chumba. Ndugu asinyimwe haki yake: apigiwe simu mapema, kisha Ijumaa jioni mwende kumsalimu pamoja, mmechukua usipa mkavu uliofungwa vizuri. Kaeni saa moja au mbili, mle mnachoandaliwa, kisha mwage. Mkimficha safari yenu atasikia tu, na hapo mtakuwa na kesi.

Nyumba ya wageni mtapewa kitabu mwandike. Kina safu za jina, kazi, mtokako, mwendako na saini. Wengi wa darasa hili kwa miaka mingi waliandikiwa na mwenye nyumba huku wametazama pembeni. Safari hii kila mmoja aandike mwenyewe. Mke naye aandike jina lake kamili, si "na mkewe". Mkichelewa kidogo kuandika, mwenye nyumba atangoja.

Jumamosi, baada ya kulala mpaka jua litoke, nendeni Makumbusho ya Majimaji. Mji wa Songea umepata jina kwa Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni katika Vita vya Majimaji, vita vya mwaka 1905 hadi 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga pale Songea mashujaa zaidi ya 60 na kuwazika katika kaburi moja. Nduna Songea naye alinyongwa baadaye, na kaburi lake liko peke yake. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali hapo na kuomba msamaha. Pale yapo maandishi. Msiyapite mbio mkimwachia kiongozi wa wageni kazi yote. Someni wenyewe, polepole, mmoja asome mstari na mwenzake afuatie.

Watu wengine wataona si mahali pa furaha. Mimi naona mume na mke waliosimama pamoja mbele ya kaburi la namna ile hurudi na mazungumzo ya mwaka mzima. Anayetaka kingine aende kwenye makumbusho ya Mzee Rashidi Kawawa, pale pale mjini. Yeye alikuwa Waziri Mkuu wetu, na kabla ya siasa aliigiza katika filamu ya "Muhogo Mchungu". Ipo pia bustani ya wanyama ya Luhira, si mbali na mji. Kwa upande mwingine mtaona milima ya Matogoro, ambako Mto Ruvuma unaanza, mto ule ule unaokwenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji. Kuitazama ni bure. Anayetaka kuingia msituni aulize kwanza ruhusa. Lakini msijaribu kumaliza vyote kwa siku moja. Chagueni viwili.

Mchana, nyama ya kuchoma. Jioni, picha. Siku hizi kila mtu ana picha ndani ya simu, na simu ikianguka ziwani picha nazo zimekwenda. Lipeni mpiga picha awape ya karatasi, mwandike nyuma majina yenu, mahali na tarehe.

Jumapili, wanaosali wasali, kisha sokoni kwa zawadi ya mtoto, kisha basi. Ondokeni mapema, msiingie Mbamba Bay usiku.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kila mwanafunzi aliyeoa au kuolewa aandike karatasi yake ya mambo manne, na mwenzake aandike ya kwake. Ikiwa mwenzako hajui kuandika bado, andika anayokuambia, neno kwa neno, bila kuongeza yako. Wasio na wenzi wafanye ile hesabu ya shilingi 180,000 kwa nauli ya kweli kutoka kijijini kwao. Walimu wa vituo watakusanya hesabu tu. Zile karatasi mbili hazikusanywi, zibaki nyumbani kwenu.

Nami, kabla sijasahau: mwezi uliofuata mke wangu alinipa karatasi yake. Iliandikwa jambo moja tu, nalo lilikuwa kwamba safari ijayo atanunua tiketi yeye.

Wiki ijayo tutasoma maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea. Kwaherini.