Ndoo Imebanwa, Mwalo Je?



Kila mwaka Machi 22, Siku ya Maji Duniani, tunahimizwa kubana matumizi ya maji. Ni wito mzuri, ila mara nyingi anayeambiwa ni mama mwenye ndoo kichwani, na huyo ndiye wa mwisho anayestahili kuambiwa.

Mtazame mwezi wa Agosti, kiangazi kimekolea. Maji aliyooshea mchele hayamwagi, anayatumia kulowekea sufuria yenye ukoko. Maji ya suuza ya mwisho ya nguo yanapiga deki, na yanayobaki yanapelekwa chooni. Nje ya choo kimening'inia kibuyu chirizi, dumu la lita 5 lililotobolewa tundu, mtoto ananawa kwa maji yasiyojaza hata kikombe. Aliyooshea mchicha yanaishia kwenye shina la mpapai. Huyu tunataka apunguze nini tena?

Sera ya Maji ya mwaka 2002 inamtambulia kila mtu wa kijijini lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka kwake. Familia ya watu sita ni lita 150, yaani ndoo kubwa saba na nusu. Hesabu ndoo zinazoingia kwako. Ahadi ya mita 400, isitoshe, ni ya zamani: mpango wa miaka 20 ulioanza 1971 ulilenga kuitimiza nchi nzima ifikapo 1991.

Na ziwa tunalo, Ziwa Victoria. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba nchi haifungwi na makubaliano ya Mto Nile ya 1929, yale ambayo Waingereza walifanya na Misri na yakatubana sisi tusifanye kwenye ziwa hili kazi za kupunguza maji yaendayo Misri bila ridhaa ya Cairo. Haki ya maji ilidaiwa mapema. Bomba ndilo lililochelewa. Februari 2022 Rais Samia aliweka jiwe la msingi la mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari na Butiama, mkoani Mara, uliosanifiwa kutoa lita milioni 35 kwa siku. Nauombea kheri, na nasema wazi kwamba bomba hilo halitatuokoa tukiendelea kuharibu maji tuliyo nayo hapa hapa.

Hapo ndipo nafika kwenye mwalo, yaani mahali wachimbaji wanapooshea mchanga wa dhahabu.

Hapa Buhemba tumeishi na dhahabu tangu enzi za mkoloni, na wachimbaji wadogo ni ndugu zetu. Dhahabu yao inalipa ada za shule. Jiwe likishasagwa kwenye karasha, unga wake unaoshwa kwa maji mengi, kisha zebaki inatiwa ili ikamate chembe za dhahabu. Kile kinyunya cha zebaki na dhahabu kinachomwa, mvuke unapaa, dhahabu inabaki. Lakini si zebaki yote inayochomwa. Nyingine inaondoka na marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, mvua ikinyesha inateremka korongoni. Kwenye matope vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, inayoingia kwa samaki na kutoka kwa samaki kuja kwetu. Anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, kwa sababu sumu hii hushambulia ubongo unaojengeka. Wajapani waliyaona hayo Minamata, ambako ugonjwa unaoletwa na sumu hii ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na mkataba wa dunia kuhusu zebaki umepewa jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Tafadhali shika hili: kuchemsha maji kunaua vijidudu vya kuhara, lakini hakuondoi zebaki. Mama anaweza kuchemsha, akachuja, akafunika, akafanya yote aliyofundishwa kliniki, na bado asiwe salama.

Kwa hiyo kisima au kijito kikiharibiwa, tumepoteza maji mengi kuliko ndoo yoyote iliyomwagika. Na dawa yake inajulikana. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kuharibu mazingira zikae mita 60 kutoka kingo za mto au bwawa. Mwalo uliochimbiwa shimo na kutandikwa turubai zito hushika maji; matope yakituama, yale ya juu yanarudi kuoshea tena. Mchimbaji ananunua maji machache, korongo linabaki salama. Zebaki ichomewe kwenye kifaa kilichofungwa, kinachoupoza mvuke na kuirudisha ichukuliwe tena, maana nayo ni fedha.

Kuna pengine pa kubana. Paa la vyumba viwili vya madarasa, la mita 20 kwa 9, likinyeshewa milimita 20 za mvua moja ya vuli, linamwaga lita 3,600. Ni ndoo 180, na bati lisilo na mfereji linaziacha zichimbe msingi wa jengo, huku wanafunzi wakitumwa na madumu. Tena kuna koki ya gati, kituo cha kuchotea maji, inayodondosha usiku kucha. Iwekee ndoo jioni, uone asubuhi, kisha uulize fedha za mfuko wa maji zimenunua nini, ikiwa washa ya mpira haijanunuliwa.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu. Ukiitishwa, nenda, na mama mwenye ndoo apewe nafasi ya kusema kabla ya sisi wengine. Jumuiya ya watumia maji isome mapato na matumizi kwa sauti. Mwalimu mkuu aulizwe habari za mifereji kabla vuli haijaanza. Na mialo iliyo karibu na vijito ipimwe mchana kweupe, kwa kamba ya mita 60, wenye mialo wakiwapo.