Habu na Beringi kwa Gari la Zamani: Tubadilishe Beringi, Mhimili Tuuache

Gari la zamani likikosa vipuri vyake, fundi hana budi kutafuta habu au beringi ya gari jingine. Mada hii haipingi kazi hiyo. Inachodai ni kwamba mabadiliko yabebwe na beringi, ambayo hununuliwa na kutupwa, wala si mhimili wa gurudumu, ambao ukishaharibiwa hauna mbadala. Watengenezaji wenyewe wamewahi kubadili beringi. Volkswagen Beetle ilitumia beringi za gololi kwenye magurudumu ya mbele hadi modeli za 1965; kuanzia modeli za 1966 zikaja za rola zenye umbo la pia. Baadaye zikatengenezwa beringi za rola zenye vipimo vya kuingia kwenye mihimili ile ya mwanzo, bila kuikata wala kuichomelea.

Hilo linawezekana kwa sababu beringi ni bidhaa ya vipimo vya kimataifa. Namba 30205, iwe ya SKF au ya NSK, ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha 52 na upana wa 16.25. Manufaa ya vipimo hivyo yanaonekana zaidi kwa beringi namba L44643 na L44649. Zote mbili hukaa ndani ya pete moja ya nje, L44610, yenye kipenyo cha milimita 50.292, lakini tundu la kwanza ni milimita 25.4 na la pili ni 26.988. Habu iliyotengenezewa mhimili mnene kidogo inaweza basi kuvaa mhimili mwembamba kwa kubadili pete ya ndani peke yake. Fundi asiyejua namba hizi atakereza bushi yenye unene usiofika hata milimita moja, au atazungushia bati, kutatua tatizo ambalo duka la beringi lilikwisha kulitatua.

Wapo watakaosema kwamba magari mengi yenye bati yanatembea. Ni kweli yanatembea, lakini tutazame mzigo unavyokaa. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 60, gari likienda kilomita 80 kwa saa, huzunguka takriban mara 700 kwa dakika. Habu inapozunguka, kila sehemu ya pete ya nje hupita chini ya uzito wa gari, ndiyo maana pete hiyo lazima ibane ndani ya habu. Bati likiwekwa upande wa habu husagika taratibu, pete huanza kuzunguka ndani ya tundu lake na kulipanua, na hapo habu nayo imekwisha. Mhimili uliojazwa kwa kuchomelea una hatari kubwa zaidi: joto hubadili ugumu wa chuma karibu na mchomeleo, na ufa unaweza kuanzia hapo bila kuonekana.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba namba inayotakiwa wakati mwingine haipo kabisa. Hapo bushi inakubalika, mradi nafasi iruhusu ukuta mnene, ikerezwe kwa chuma kizuri, na ikae upande wa habu kwa kubana. Hata hivyo, kuingia kwa beringi hakutoshi. Umbali kati ya beringi mbili usipungue, kwa kuwa ndio unaozuia gurudumu kuyumba. Sili ikutane na sehemu laini ya mhimili. Na nati ya beringi za rola ilegezwe hadi ubaki mchezo mdogo wa sehemu chache za mia za milimita, kwa kuwa ikibana kupita kiasi grisi huungua.

Napendekeza kila karakana iwe na maikromita na katalogi ya beringi, na kila marekebisho yaandikwe namba zake kwenye kumbukumbu za gari. Fundi atakayelifungua gari hilo miaka kumi ijayo atategemea kumbukumbu hiyo kununua beringi sahihi, na usalama wa abiria utategemea usahihi wake.