Ndoana na Mvua ya Milimani

Msikilizaji, utabiri wa mvua unaposomwa, hapa Dumila wengi huwaza mahindi na mpunga. Mvuvi wa burudani ana swali jingine: imenyesha wapi? Mto wetu hulishwa na milima, kwa hiyo jua linaweza kuwaka sokoni huku maji yakishuka mekundu, yamebeba tope na magogo. Januari 2014 maji ya namna hiyo yalikata barabara ya Morogoro–Dodoma papa hapa. Siku kama hizo ndoana ikae nyumbani.

Kambale hajali sana tope; hunusa na kupapasa kwa sharubu zake, na mvua za kwanza humtoa mtoni kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Kumnasa wakati huo ni rahisi, ila unamchukua na mayai yake. Mimi ningengoja.

Anayewaleta wageni mkoani kwetu ni mwingine: samaki tiger, Hydrocynus tanzaniae, mwenye meno kama misumari, wa mito Mnyera na Ruhudji kule bonde la Kilombero. Huyu huwinda kwa macho. Ndiyo maana safari za kumvua hupangwa kiangazi, hasa Septemba hadi Novemba, maji yakiwa yamepungua na kutakata, samaki wamebanwa kwenye vina. Mvua kubwa zikishaanza, mito hufurika bondeni na samaki hutawanyika. Hata mwenye fimbo ya bei mbaya atarudi mikono mitupu. Kibali cha uvuvi, hata hivyo, hudaiwa misimu yote.