Vishawishi vya Langoni: Maneno Tuliyowaambia Wanachama wa Kitengela



Leo hatukuja kusema juu ya mshahara, ingawa twajua hilo ndilo mngependa kulisikia kwanza. Tumekuja kusema juu ya chakula. Lakini kabla hatujamaliza mtaona kwamba mambo haya mawili ni ndugu wa tumbo moja.

Njia ya kutoka Kitengela kwenda viwanda vya Athi River twaijua sote. Wengi wetu hutoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu kinywani. Kituoni tunakuta mkokoteni wa smoki na mayai. Langoni tunakuta mandazi ya moto na chai. Saa saba ni chipsi na soda baridi. Jioni, tukishuka kwenye matatu, moshi wa nyama choma hutupokea kabla watoto hawajatupokea. Na siku ya mshahara, hapo hatuna haja ya kuwaeleza.

Mwaka jana mwenzetu mmoja aliona kizunguzungu akiwa mbele ya mashine, akaanguka. Alipopelekwa kupimwa alikutwa na presha ya juu sana. Alikuwa hajapimwa hata mara moja maishani mwake. Alituambia, "Mimi nilidhani ni uchovu tu." Maneno hayo yalituingia, kwa kuwa kila mmoja wetu husema vivyo hivyo kila jioni.

Wala hakuwa peke yake. Uchunguzi wa Serikali ya Kenya wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa kamwe. Ulionyesha tena kwamba watu 94 katika kila 100 hawakula mboga na matunda ya kutosha.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari tunayotia katika vyakula na vinywaji isipite kama gramu 50 kwa siku kwa mtu wa kadiri, na ikipungua hadi gramu 25 ni bora zaidi. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4. Mtu anayekunywa vikombe vinne vya chai, kila kikombe vijiko vitatu, amekwisha kula gramu 48. Akiongeza soda ya nusu lita, ambayo mara nyingi huwa na gramu 50 au karibu na hapo, amekula sukari ya siku mbili, na mandazi bado hatujayahesabu.

Na mfuko je? Tuseme soda na mandazi vinakula shilingi 100 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 2,600. Mara ngapi tumekaa mezani na mwajiri tukigombania nyongeza isiyofika hapo?

Wako ndugu watakaotujibu: "Hapa ni Kajiado. Wamasai wamekula nyama na kunywa maziwa tangu zamani na hawakuugua moyo." Neno hilo lina ukweli ndani yake. Mwaka 1964 daktari Mmarekani, George Mann, pamoja na wenzake walitoa habari za uchunguzi wao juu ya wanaume 400 wa Kimasai kule Tanganyika, na dalili za ugonjwa wa moyo walizoziona zilikuwa chache sana. Lakini watu wale walitembea na ng'ombe kutwa nzima. Hawakukaa kwenye cherehani saa nane, hawakuishushia nyama yao kwa soda, wala hawakurudi nyumbani kwa matatu. Tukitaka kula kama wao, basi na tutembee kama wao.

Sasa tuwaambie yaliyotupata sisi wa kamati. Baada ya mwenzetu kuanguka, tuliapa kila mtu kwa nafsi yake kuacha soda na vitu vya mafuta. Wiki ya kwanza tulijisifu. Wiki ya pili tulianza kujificha. Wiki ya tatu tulikutana mkokotenini, tukacheka, tukanunua.

Hapo ndipo tulipojifunza. Mtu mwenye njaa, aliyelala saa tano, aliyesimama mbele ya mandazi ya moto peke yake, atashindwa. Si kwamba yeye ni mtu dhaifu. Ni sawasawa na mfanya kazi mmoja anayeingia peke yake ofisini kwa mwajiri kudai haki. Twajua vile hutoka. Kwa nini basi katika jambo la chakula kila mtu apigane peke yake?

Tukabadili mpango, na haya ndiyo tuliyofanya.

Kwanza, hatutoki nyumbani na tumbo tupu. Kiazi kitamu kilichochemshwa usiku, au uji, au hata ugali uliobaki na maziwa, vyatosha kukupitisha langoni salama.

Pili, tulimwendea mama mmoja wa kibandani. Hatukumlaumu, maana mama huyu ni dada yetu na anatafuta riziki kama sisi, naye hupika kile kinachonunuliwa. Tulimwambia, "Mama, tuko watu kumi na wawili. Tupikie githeri au ndengu na sukuma wiki au managu, mafuta kidogo, chumvi kidogo, nasi tutakulipa kila Ijumaa." Akakubali siku ile ile. Mtu mmoja akiomba managu ni usumbufu, lakini kumi na wawili wakiomba ni biashara.

Tatu, chai tunapunguza kijiko kimoja kwa mwezi, wala hatukati yote kwa siku moja. Ulimi huzoea.

Nne, nyama choma hatukuipiga marufuku. Tunakula mara moja kwa wiki, pamoja, na kachumbari nyingi, na chumvi haiwekwi mezani.

Hatutawadanganya kwamba tumeshinda. Wawili wamejitoa, na siku ya mshahara bado inatuangusha wengi. Lakini tisa kati yetu hatujanunua soda langoni mwezi huu, na wote tumepimwa presha.

Liko neno la mwisho, nalo ni la chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 32, yamtaka mwajiri kuwapa wafanya kazi maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Maji yakiwa machafu au mbali, mtu atanunua soda, na hapo kosa si la mtu huyo peke yake. Kifungu cha 33 chasema kwamba ikiwa chakula kimekubaliwa waziwazi katika mkataba, basi mwajiri lazima ampe mfanya kazi chakula kinachofaa kwa gharama yake mwajiri. Angalieni neno hilo, "kimekubaliwa". Kisipokubaliwa hakuna deni. Kwa hiyo mkataba wa pamoja utakapofunguliwa tena, twaomba wawakilishi wetu wasiende na nyongeza ya mshahara peke yake. Waende na maji, mahali pa kukaa na kupasha chakula moto, na mlo wa saa saba.

Kila idara na itafute watu kumi, na watu hao kumi watafute mama mmoja wa kibandani. Waanze Jumatatu. Mkutano ujao mtuletee habari, za kushinda na za kushindwa.

Umoja ni nguvu.